Kumtazama Aliye Karibu

Katika nyumba zetu yupo mtu tunayemwona kila siku bila kumtazama. Tunaujua mlio wa hatua zake na kiasi cha sukari anachotia kwenye chai, lakini tukiulizwa kama leo amechoka au ana huzuni, tunababaika. Wengi huja kwa wachungaji wao na neno moja tu: "Mchungaji, nyumbani hanioni." Basi tujiulize: je, kumtazama mtu vizuri ni sawa na kumpenda?

Tuwafikirie wachoraji wawili wa Uturuki, Bedri Rahmi Eyüboğlu na mkewe Eren. Bedri Rahmi alizaliwa mwaka 1911. Akiwa kijana alikwenda Ufaransa kusoma, na huko Paris, katika darasa la mchoraji André Lhote, alikutana na msichana wa Kiromania aitwaye Ernestine. Walioana mwaka 1936, naye akaitwa Eren. Bedri Rahmi alimchora mkewe, na mkewe naye alimchora mumewe.

Kumchora msanii mwenzako si kazi nyepesi, maana aliyeketi mbele yako anaijua brashi na ataona mahali ulipodanganya. Tena mchoraji hawezi kutegemea mazoea. Hana budi kuinua macho mara kwa mara na kuuangalia uso upya, kana kwamba hajawahi kuuona. Tungemtazama hivyo kila mmoja wa nyumbani mwetu, malalamiko mengi yangekwisha.

Hata hivyo habari yao haiishii hapo. Baadaye Bedri Rahmi alimpenda mwanamke mwingine, naye pia msanii, akamwandikia shairi linalojulikana Uturuki hata leo. Eren aliumia. Macho yaliyozoea kumtazama hayakumzuia mumewe kumjeruhi.

Hatulisemi hili ili tumhukumu. Nani kati yetu hajamjeruhi mtu anayemfahamu kuliko wote? Twalisema kwa kuwa linajibu swali letu: kutazama ni mwanzo wa upendo, lakini si upendo kamili. Huko Heidelberg, mwaka 1518, Martin Luther alifundisha kwamba upendo wa mwanadamu huamshwa na kitu kinachopendeza, lakini upendo wa Mungu hausubiri kukikuta. Wenyewe hukifanya kiwepo. Jicho la kibinadamu, hata liwe la fundi, hufuata uzuri, na uzuri mwingine ukitokea, laweza kuhama.

Mungu hatazami hivyo. Hajiri, mjakazi aliyekimbilia jangwani, alimtambua Mungu kuwa ndiye anayemwona. Alionekana akiwa hana heshima wala mtetezi, na hakuachwa. Nasi ndivyo tulivyotazamwa katika Kristo: dhambi zetu zilionekana zote, na agano halikuvunjwa.

Ndoa ya Bedri Rahmi na Eren ilipata jeraha, lakini walibaki mume na mke mpaka Bedri Rahmi alipofariki mwaka 1975. Yaliyosemwa kati yao wakati wa kurudiana ni yao.

Yetu ni haya: jioni ya leo, chakula kikiwa mezani, tuweke simu kando, tuinue macho na kumtazama aliye karibu. Tukiona kwamba tumemwumiza, tusiyageuze macho. Tumwombe msamaha, kisha tubaki.