Msumeno Mwepesi na Uzito wa Nia

Mtu atokaye shambani kwake Njombe, akaenda hadi Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, kwa azma ya kununua msumeno wa kupogolea miparachichi iliyokwisha nenepa matawi, hudhani ana shughuli ya dukani tu. Kumbe, kwa rai yangu, amekwisha ingia katika mas'ala ya kale ya wanazuoni: je, chombo kina fungu lolote katika hukumu ya tendo, au hukumu yote ni ya nia?

Wepesi wa kujibu husema chuma hakina dhamiri. Jibu hilo halimtoshi aliyepata kushika chenso ya petroli, ile iangushayo misindano, kwani zamani uchovu wa mkono ulimpa mpogoaji nafasi baina ya tawi na tawi, na katika nafasi hiyo akajiuliza kama hilo la pili linastahili kuondolewa. Chenso imeifuta nafasi hiyo. Wala majuto hayarudishi kitu. Mmarekani Alex Shigo, ambaye (ajabu ya mambo) aliyapasua magogo yake ya uchunguzi kwa chenso, alibainisha katika miaka ya 1970 kwamba mti hauponi kama mwili uponavyo, bali hukizungushia kidonda ukuta, ukaota mbao mpya juu yake, nacho kikabaki humo ndani maisha yake yote. Ndiyo maana tawi nene hutiwa kwanza mkato wa chini, lisije likaanguka na kuchuna ganda la shina, kisha likamalizwa nje kidogo ya uvimbe wa shingo yake. Na mparachichi uliovuliwa kivuli hupakwa chokaa, maana ganda lake huungua kwa jua.

Sura ya Al-Hashr, ilipotaja mitende ya kabila la Banu Nadhir iliyokatwa na ile iliyoachwa, iliyaweka yote mawili chini ya idhini ya Mwenyezi Mungu. Na katika mlango wa 15 wa Injili ya Yohana tawi lizaalo ndilo lisafishwalo. Kukata, basi, kumeruhusiwa, ila kwa idhini na kwa kipimo. Nami naona kipimo huanzia dukani. Achaguaye msumeno mdogo wa betri, ambao upanga wake hauzidi shubiri moja, amekwisha ufunga mkono wake mapema usilifikie shina, na nia yake imekuwa chuma. (Betri na ilazwe ndani ya nyumba, kwani baridi ya Njombe ya mwezi Juni huidhoofisha, na ncha ya upanga isiguse tawi jingine, maana msumeno huruka nyuma kumwelekea mshikaji.)

Atakayenipinga atasema wepesi huo huo hushawishi kukata mengi, na hoja yake ni ya haki: chombo kisichochosha humfanya mtu apogoe hata pasipo haja. Kwa sababu hiyo matawi membamba ningeyaachia msumeno wa mkono, ijapokuwa vijana wa shambani watanung'unika.