Nani Kaona?

Wanangu wa Fumba, kila habari ya ujambazi inaposhuka na daladala kutoka mjini, nawasikia maskani mkisema: "Nani kaona? Hakuna shahidi, kesi hiyo itaanguka." Ujana wangu wote niliumaliza kwenye ukarani wa mahakama, Vuga, na nakwambieni neno hilo limewapotezea vijana wengi umri wao.

Anayeua ili apore hachagui saa ya sokoni. Hutafuta kiza na njia ya mashamba. Ingekuwa sheria inangoja jicho, wauaji wangekuwa wanakula urojo Forodhani bila wasiwasi. Ndiyo maana mahakama inakubali ushahidi wa mazingira: nani alionekana mwisho na marehemu, mali yake imekutwa kwa nani, nani kahama usiku uleule, nani kadanganya alikokuwa. Kipimo chake ni kikali, na kimo vitabuni tangu mwaka 1958, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipoamua rufaa ya Simon Musoke kutoka Uganda. Mambo yaliyothibitishwa lazima yote yamwelekee mshitakiwa, na yasiweze kuelezeka kwa namna nyingine inayoingia akilini isipokuwa kwamba ni yeye. Ni dema hilo. Likiachwa tundu moja la kupita samaki, mvuvi karudi mikono mitupu. Shaka peke yake, hata iwe nzito vipi, haimfungi mtu.

Sasa tuje kwenye simu zenu. Kijana anauziwa simu nzuri kwa bei ya kutupa; muuzaji hana risiti wala boksi, na jina lake halisi halijulikani, linajulikana la utani tu. Kijana anatia laini yake, ambayo siku hizi imesajiliwa kwa alama za vidole vyake. Polisi wakiifuatilia simu ile wanamfikia yeye, hawamfikii mwenye jina la utani. Na sheria inasema aliyekutwa na mali iliyoibwa karibuni huhesabiwa kuwa ndiye mwizi au mpokeaji, asipotoa maelezo yanayokubalika. Ikiwa mwenye simu aliuawa katika uporaji huohuo, maelezo hayo ndiyo shingo yake.

Kweli, upande wa mashtaka una kazi. Wathibitishe kwamba mali ilikutwa kwake yeye, kwamba ni ya marehemu bila ubishi, kwamba iliibwa karibuni, na kwamba ndiyo iliyotajwa kwenye mashtaka. Rufaa nyingi hushinda hapa: hati ya upekuzi haikujazwa sawasawa, au ndugu wa marehemu kashindwa kutaja alama ya kuitambulia mali. Lakini rufaa huja baada ya miaka, na miaka hiyo mtu yumo gerezani, Chuo cha Mafunzo, mama yake anapanga foleni na kikapu.

Wengine mnajiponya kwa kusema: "Mimi sikushika silaha." Ikumbukeni kesi ya Zombe. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa Msitu wa Pande, Dar es Salaam, polisi wakatangaza kwamba wameua majambazi. Tume ya Jaji Musa Kipenka ikaona hawakuwa majambazi. Polisi wakashitakiwa kwa mauaji hayo, na mwaka 2009 Jaji Salum Massati akawaachia ofisa Abdallah Zombe na wenzake wanane. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao, Christopher Bageni, peke yake, ikamhukumu kunyongwa. Zombe na waliobaki wakaachiwa. Koplo aliyetajwa kuwa ndiye aliyefyatua risasi hakuwahi kupanda kizimbani.

Tazameni majaji walivyopambanua. Wa kunyongwa si yule aliyetajwa kuwa ndiye aliyefyatua. Ni aliyekuwapo Msitu wa Pande akiwaongoza wenzake. Na Zombe, aliyekuwa mkubwa wao kicheo, aliachiwa, kwa sababu haukuonekana ushahidi kwamba aliamuru mauaji. Hukumu ile iliwaudhi wengi, maana mabarazani walikwisha kuwahukumu wote kwa fungu. Mimi naona ilifanya kazi yake: kila mtu alipimwa kwa lake.

Sheria ya nia ya pamoja ndivyo ilivyo. Mkikubaliana kupora, na mauaji yakatokea katika uporaji huo kama jambo ambalo lilitarajiwa, aliyebaki juu ya pikipiki huenda akabeba mauaji sawa na aliyeingia ndani. Kukubaliana kwenyewe, kabla hata hamjatoka, ni kosa la kula njama. Kosa lenyewe likishatendeka, Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba shitaka la njama halina haja tena. Mtashitakiwa kwa kosa lenyewe, nalo ni zito zaidi.

Nyinyi wenye mashua ndio nawahofia zaidi. Mtu kaja ufukweni baada ya isha, anataka umvushe mpaka kisiwa cha Kwale, na anakupa mara tatu ya nauli ya wageni wa mchana. Anayelipa hivyo ananunua na ulimi wako. Mwambie injini mbovu, kisha nenda kwa sheha usiku huohuo, usingoje asubuhi.

Na ukikamatwa nawe hukufanya, usitunge hadithi. Kijana aliyekuwa kwa mwanamke wa watu husema alikuwa kwa mama yake. Mama akiulizwa, kijana keshaumbuka, na uongo ule unaongezwa kwenye ushahidi dhidi yake. Kwenye kesi ya mauaji, asiye na uwezo huwekewa wakili. Mwambie yeye yote, mapema, na lile la aibu lianze, pamoja na jina na nyumba ya aliyekuona usiku ule, apate mtu wa kumwita.