Twaimba kwa Ajili ya Nani?

Kila mwaka, zikikaribia siku za Majilio, taa huonekana zikiwaka usiku katika makanisa madogo ya vigango vyetu. Ni waimbaji. Mchana walikuwa shambani, machungani, dukani au darasani; jioni wamekusanyika kujifunza nyimbo za sikukuu. Ndivyo ilivyo katika nchi ya Hanang, huko Mogitu na jirani zake, na ndivyo ilivyo katika vigango vingi tangu Kagera hata Ruvuma. Mwisho wake huja siku ya tamasha. Kwaya husimama mbele kwa sare mpya, kinanda hulia, pengine pamoja na ngoma, kayamba na fidla mbili tatu zilizoazimwa mjini, na watu waliotoka mbali hushangilia kwa makofi na vigelegele.

Wapo wazazi wanaouliza kama kazi hiyo yote yafaa kitu. Binti arudi usiku kwa ajili ya mazoezi, michango yadaiwa, na siku yenyewe ikiisha watu wasifu sauti, wala hawakumbuki maneno. Swali lao si la kudharauliwa, kwani chini yake limo swali kubwa zaidi: wimbo mtakatifu ukiimbwa mbele ya watazamaji wanaopiga makofi, je, wabaki kuwa mtakatifu? Ni sala, au ni maonyesho yaliyovikwa nguo ya sala?

Si sisi wa kwanza kuuliza. Mtakatifu Augustino, aliyebatizwa Milano mwaka 387, aliandika katika kitabu chake cha Maungamo jinsi nyimbo za Kanisa zilivyomtoa machozi alipokuwa mwongofu mpya. Lakini baadaye alianza kujichunguza. Aliona kwamba pengine sauti yenyewe ilimgusa kuliko jambo lililoimbwa, na hilo alilihesabu kuwa kosa, hata akatamani asingalimsikia mwimbaji. Hata hivyo hakuthubutu kuziondoa nyimbo kanisani, kwa kuwa alijua mema waliyoyapata wanyonge kwa kuzisikia. Basi, mwalimu mkubwa namna hii aliyumba kati ya hofu na shukrani. Nasi tusione haya kuyumba kidogo pamoja naye.

Miaka mingi baadaye, mabishano hayohayo yaliuzuka utenzi mkubwa wa Handel uitwao Messiah, ambao hata leo huimbwa kila mwaka na kwaya za wenyeji katika miji mingi ya dunia. Uliimbwa hadharani mara ya kwanza Dublin, katika Ireland, tarehe 13 Aprili 1742. Kabla ya hapo Jonathan Swift, aliyekuwa mkuu wa kanisa la Mtakatifu Patrisi mjini humo, alikuwa amewakataza waimbaji wake wasishiriki katika muziki wa ukumbini. Mwaka uliofuata, ulipopelekwa London, wapo waliolalamika magazetini kwamba maneno ya Mungu hayastahili kuimbwa katika nyumba ya michezo. Swali la mzazi wa Hanang, basi, ni swali lililoulizwa na watu wa London.

Sisi twaona kwamba hapa pana makosa mawili, moja upande huu na jingine upande ule, na njia njema yapita katikati.

Kosa la kwanza ni la wale wasemao kwamba Mungu hutazama moyo tu, kwa hiyo mazoezi ni bure na uzuri ni majivuno. Maneno hayo hupendeza masikioni, lakini mara nyingi ni uvivu uliojifunika shuka ya unyenyekevu. Mkulima hamtolei Mungu mahindi yaliyooza akasema kwamba moyo wake ni safi. Mama akitazamia mgeni wa heshima hufagia ua, hata kama mgeni mwenyewe hatajali vumbi. Yampasa anayeimba mbele za Mungu atoe alicho nacho kilicho bora, na kilicho bora hakipatikani pasipo jasho.

Tutazame mfano wa jirani zetu wa Kongo. Mjini Kinshasa, mwaka 1994, ndugu zetu wa Kanisa la Kimbangu walianza kuunda orkestra, wakiongozwa na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mtu ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa urubani. Fidla zilikuwa chache kuliko wapigaji, wakazipokezana kwa zamu: huyu hujifunza kidogo, kisha humpa mwenzake. Uzi ulipokatika na mwingine usipatikane, walitumia waya wa breki ya baiskeli. Watu hao hawakuwa wanamuziki wa mshahara. Walikuwa na kazi zao za kuwapatia chakula, na jioni walifika mazoezini. Baada ya miaka, orkestra yao pamoja na kwaya yake ilizipiga na kuziimba kazi kubwa za Beethoven na za wengine. Mjini Nairobi nako, tangu miaka ya 1930 na 1940, chama cha waimbaji na orkestra ya wapigaji wa kujitolea wamedumu kuonyesha kazi za namna hiyo. Je, tutasema kwamba saa hizo zote za jioni zilipotea? La hasha. Aliyempa mwenzake fidla akangoja zamu yake amejifunza jambo ambalo mahubiri mengi hayajaweza kulifundisha.

Na hapa twagusa kiini cha jambo lenyewe. Kwaya ni shule ya kusikiliza. Mtu aimbaye peke yake njiani aweza kupaza sauti apendavyo. Aimbaye katika kwaya hana budi kuipunguza sauti yake mpaka aisikie ya jirani. Wa sauti ya nne hatamba kwa uzito wake, wala wa sauti ya kwanza kwa urefu wake. Kila mmoja ana mahali pa kuingia na mahali pa kunyamaza, na kunyamaza kwake ni sehemu ya wimbo. Mwalimu akisema turudie, mwenyekiti wa kijiji hurudia pamoja na mchunga ng'ombe. Ni wapi tena katika maisha yetu ambapo mtu mzima hukubali kusahihishwa mbele ya watoto, akashukuru?

Wazee wa nchi ya Mbulu na Hanang waliujua ukweli huu kabla ya kufika kinanda. Wairaqw wana desturi ya kale iitwayo slufay: mzee hutamka maneno ya sala na baraka kwa mpango wa kishairi, nao mkutano humwitikia kwa pamoja. Anayetamka ni mmoja, lakini sala ni ya wote, na anayeitikia si mtazamaji. Kanisa nalo lilisema jambo la namna hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kwamba kwaya ziendelezwe kwa bidii, na papo hapo ukawadai wachungaji wahakikishe kwamba kusanyiko zima laweza kushiriki kwa sauti yake. Uliagiza pia kwamba mapokeo ya muziki ya kila taifa yapewe heshima inayostahili. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, mtunzi Mtanzania, alichapisha kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Haikuwa bahati tu kwamba mambo hayo yalikwenda pamoja. Kwaya inayolinyamazisha kusanyiko, na Kanisa linalowanyamazisha wazee, huugua ugonjwa mmoja.

Sasa tulitazame kosa la pili, ambalo kwa siku zetu twaliona kuwa la hatari zaidi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwaya iliyoanza kwa ajili ya ibada husifiwa, husifiwa tena, kisha huanza kuimba ili isifiwe. Sare ya mwaka jana yaonekana imechakaa. Kitambaa kipya chachaguliwa, na bei yake yatangazwa. Mchango wa kurekodi waongezwa juu ya mchango wa safari. Hakuna anayemfukuza mtu, hilo twalikiri. Lakini mama mjane aliyeimba sauti ya pili kwa miaka mingi, ambaye mwaka huu mahindi yake yalikauka, hukaa nyumbani Jumapili moja, kisha ya pili, na ya tatu watu hawamwulizi tena. Safu zajipanga upya kana kwamba hakuwapo. Siku ya tamasha kwaya yapendeza kwa macho, rangi zimelingana toka mwanzo wa safu hata mwisho, na wote waliokaa kwenye mabenchi wasema kwamba mwaka huu imefana.

Twauliza: je, imefana? Nota zote zilikuwa mahali pake. Aliyekosekana ni mtu mmoja tu. Lakini wimbo ulimsifu Mungu ainuaye wanyonge, na aliyekuwa mnyonge kuliko wote hakuwamo kwa sababu ya kipande cha kitambaa. Katika saa ile maneno na matendo yalipingana, na hakuna ufundi wa sauti uwezao kuyapatanisha. Hii ndiyo hofu ya Augustino kwa sura nyingine. Yeye aliogopa kwamba utamu wa sauti ungemsahaulisha Mungu. Sisi twaogopa kwamba utamaniwe utamu huo mpaka jirani asahauliwe. Nani awezaye kusema kwamba hofu hizi ni mbili?

Mwalimu wa kwaya aweza kutujibu hivi: mkitaka nimpokee kila mtu, kwaya itaimba vibaya, nanyi wenyewe mmesema kwamba kuimba vibaya ni uvivu. Jibu lake ni la haki, na lafaa kupimwa. Twakubali kwamba si kila sauti yafaa kila mahali. Mwalimu ana haki ya kumwambia mtu aache kipande fulani kilicho kigumu, au ahamie sauti nyingine, au aongeze mazoezi. Na mwenye busara hatachukia. Lakini sababu hizo ni za muziki. Umaskini si dosari ya sauti. Anayeondolewa kwa sababu haimbi vizuri aweza kufundishwa. Anayeondoka kwa sababu hana fedha amefundishwa jambo moja tu, kwamba hata sifa za Mungu zina kiingilio. Mwalimu apambanue kati ya mambo haya mawili, wala asilifiche la pili nyuma ya la kwanza.

Turudi Dublin, kwa maana hadithi ile hatukuimaliza. Onyesho la kwanza la Messiah lilifanywa kwa ajili ya wahitaji: wafungwa wa madeni na hospitali mbili za mji huo. Ukumbi ulikuwa mdogo kwa umati uliotazamiwa, basi mabibi waliombwa waje bila zile pete za kutanua magauni na mabwana waje bila panga, ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Mapato yalifikia pauni 400 hivi, na wafungwa 142 walilipiwa madeni yao wakatoka kifungoni. Tangu mwaka 1750 Handel aliuonyesha utenzi huo kila mwaka katika nyumba ya watoto waliotupwa mjini London, kwa faida ya watoto hao, naye aliwaachia katika wasia wake nakala ya kazi hiyo. Alifariki mwaka 1759. Waliobishana kama ukumbi ulistahili wimbo ule walikuwa na hoja zao. Lakini mtu aliyefunguliwa mlango wa gereza siku ile hakuwa na shaka kwamba kilichoimbwa kilikuwa kitakatifu.

Na wakaaji wa Hanang hawahitaji kwenda Ireland kujifunza wimbo ni wa nini. Tarehe 3 Desemba 2023, iliyokuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka mlimani vikaufikia mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na wengi waliachwa bila nyumba. Ilikuwa ndiyo majira yaleyale ya mazoezi ya Noeli. Kila aliyewahi kusimama kando ya kaburi katika nchi hii ajua jinsi waimbaji wanavyotegemewa saa hiyo, wakati wafiwa hawana maneno tena. Mbele ya kaburi hakuna aulizaye juu ya sare. Aliye na sauti huimba. Asiye na sauti hushika jembe.

Hatusemi basi kwamba tamasha lifutwe. Lifanywe, na lifanywe vizuri. Fidla zitengenezwe, nota zifundishwe, watoto wapelekwe wakasikie kazi za Handel na kazi za watunzi wa kwetu pia. Makofi nayo si dhambi, maana ni shukrani ya watu wasio na njia nyingine ya kushukuru. Ila juma moja kabla ya siku yenyewe, mwalimu na viongozi wa kwaya wakae pamoja na daftari la majina, walisome toka mwanzo, na kila wafikapo kwenye jina la aliyeacha kuja wasimame waulize: huyu yuko wapi, na kwa nini? Kisha mtu atumwe nyumbani kwake. Kama ni kitambaa kilichomzuia, kitambaa kipatikane, au mwaka huu wote waimbe kwa nguo zao za kawaida.

Safu isiyolingana rangi haijapata kumchukiza Mungu. Lakini mahali palipo wazi katika safu, huko twaamini anatazama.