Mwenyeji ni Nani?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mara niliieleza kwa upande mmoja tu: mgeni asikae bure, afanye kazi. Sasa nimestaafu, nimevuka miaka 70, na jioni nikitazama Ziwa Babati naona methali ile imebeba swali ambalo sikuwauliza wanafunzi wangu hata siku moja. Akishapewa jembe akalima, mgeni huyo huwa mwenyeji lini? Na uenyeji wenyewe ni kitu gani?

Katika mji wetu swali hili si la kupitishia wakati. Babati upo chini ya Mlima Kwaraa, ambao huitwa pia Ufiome, kando ya ziwa lenye kina kifupi, lenye perege, kambare na viboko. Wenye nchi ni Wagorowa, ambao maandishi ya zamani huwaita Wafiomi. Wairaqw walishuka kutoka nyanda za juu za Mbulu. Warangi walipanda kutoka Kondoa. Wambugwe ni majirani wa upande wa Ziwa Manyara. Wabarbaig walifuata malisho na ng'ombe wao. Wakati wa Waingereza ilipita hapa barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Arusha, na barabara ikaleta wenye maduka, wenye malori na watumishi wa serikali. Mwaka 1985 Babati ikawa wilaya, ikimegwa kutoka Hanang, na mwaka 2002 mji ukafanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Kila hatua ilileta wageni wengine.

Wataalamu wengi hugawa lugha za Afrika katika makundi makubwa manne. Katika sehemu hii ya Tanzania makundi yote manne yanakaribiana: Kigorowa na Kiiraqw ni za Kikushi, Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu, Kibarbaig ni ya Kiniloti, na upande wa kusini wapo Wasandawe wenye lugha ya vidoko. Ni sehemu chache sana za bara hili zenye jambo hilo. Sisi tunaoishi hapa huliona la kawaida, kwa sababu sokoni wote tunapatana bei kwa Kiswahili.

Mimi ni Mpare. Nilisoma chuo cha ualimu, nikafundisha kwetu miaka michache, kisha mwaka 1981 nikahamishiwa Babati. Miaka mitano baadaye nikawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo sitaitaja. Nilikuwa mkali, na nilijisifu kwa ukali wangu. Mojawapo ya sheria zangu ilikuwa kwamba mtoto asiseme lugha ya nyumbani katika eneo la shule. Niliamini kwamba najenga taifa. Kiswahili kilitufanya Watanzania, na hilo naliamini hata leo. Lakini mtu anaweza kuwa na lengo jema akalitumikia vibaya.

Siku moja mwaka 1987 nilikuwa nikiwaeleza watoto wa darasa la tano juu ya kiwanja nilichonunua kwa ajili ya nyumba yangu, chini kidogo ya mji, upande wa ziwani. Kijana mmoja wa Kigorowa akamnong'oneza mwenzake jina la mahali pale kwa lugha yao, wakatazamana. Nikadhani wananicheka. Nilimchapa fimbo mbili, nikamwambia aandike ubaoni: "Tuzungumze Kiswahili." Akaandika kwa mwandiko mzuri.

Jirani wa kiwanja kile alikuwa mzee wa Kigorowa. Nilipoanza kuchimba msingi alikuja, tukaamkiana, akasimama muda mrefu akiegemea mkongojo. "Mwalimu," akasema, "hapa maji huwa yanarudi." Ilikuwa mwezi wa Septemba, ardhi imepasuka kwa ukavu. Nikamjibu kwa heshima, lakini moyoni nikasema: mimi nina karatasi ya kiwanja, mzee ana maneno. Aliyeniuzia naye alikuwa mgeni kama mimi.

Ziwa lilikuwa limefurika mwaka 1964, na tena mwaka 1979, miaka miwili tu kabla sijafika. Mwaka 1990 lilifurika kwa mara nyingine. Maji yaliingia mjini, na kwangu yaliingia usiku. Tulitoka mimi, mke wangu na watoto, tumebeba magodoro kichwani. Mahindi, vitabu na kuta za tofali mbichi vyote vilikwenda. Tulilala siku 11 nyumbani kwa mzee yule, pembeni ya mwinuko. Hakunikumbusha neno lake. Usiku wa tatu nilimwuliza mwenyewe jina la mahali pale, akalitaja. Lilikuwa lile lile alilonong'ona mwanafunzi wangu. Nikauliza maana yake. Akasema ni mahali ambapo maji hulala.

Tangu siku hiyo nimelipima upya swali la uenyeji. Wapo wanaosema mwenyeji ni aliyetangulia kufika. Jibu hili lina haki ndani yake, kwa maana si sawa aliyefyeka pori asukumwe pembeni na aliyekuja na fedha. Lakini kila aliyetangulia naye ana aliyemtangulia, na tukihesabu nyuma hatutafika mwisho. Wengine husema mwenyeji ni mwenye hati. Hati ni kitu cha lazima, lakini yangu ilikuwa halali na haikuzuia tone moja. Wengine husema ni kuzaliwa. Wanangu wamezaliwa hapa, na kwa miaka mingi hawakujua zaidi ya nilivyojua mimi.

Naona mwenyeji ni yule anayebeba kumbukumbu ya mahali na kuitumia kwa faida ya wote. Mzee yule alikuwa mwenyeji kwa sababu alinionya mimi niliyekuwa nachukua ardhi ya jirani yake, na niliposhindwa kumsikia akanifungulia mlango. Kwa kipimo hicho mgeni anaweza kuwa mwenyeji, akikubali kufundishwa. Na aliyezaliwa hapa anaweza kuwa mgeni, akisahau.

Basi kosa langu halikuwa fimbo mbili peke yake. Niliwaadhibu watoto kwa kuwa wenyeji. Ujuzi wa karne nyingi ulikuwa umehifadhiwa katika jina moja, nami nikaufanya kuwa utovu wa nidhamu.

Jambo hili halijapita. Tangu barabara ya lami ya Dodoma ilipokamilika mwaka 2018 mji unakua, na viwanja vinauzwa kwa watu waliouona mji huu wakati wa kiangazi tu. Tarehe 3 Desemba 2023, katika mkoa wetu huu, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaangukia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Sisemi kwamba kumbukumbu ingewaokoa wote. Mvua nyingine hushinda hekima ya kila mtu. Lakini mlima na ziwa vina tabia zao, na anayezijua hana budi kusema, na anayeambiwa hana budi kusikiliza.

Mwanafunzi wangu yule sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Miaka michache iliyopita tulikutana kituo cha mabasi. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Nikamshika mkono, nikamwomba radhi kwa zile fimbo mbili. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza. "Fimbo nilishasahau, Mwalimu," akasema. "Jina sijalisahau." Nikamwomba awafundishe wanawe, na wajukuu zangu pia. Siku hizi huja Jumapili moja moja, tunatembea nao kandokando ya ziwa, naye huwatajia majina ya mahali. Nami hurudia nyuma yao, nikikosea matamshi, na watoto hunisahihisha.