Mwenye Kujifundisha na Haki ya Mwenziwe

Migori na Homa Bay, mjini na kwenye fuo za ziwa kama Mbita na Muhuru, wapo vijana ambao hawakuingia chuo chochote cha ufundi. Hufungua redio zilizokufa, hutoa vipande vyake na kuvilehemu upya, na usiku husoma katika simu namna ya kuandika programu za kuviendesha vyombo walivyovibuni. Watu wengine huwacheka. Wengine huwasifu kupita kiasi. Sisi twauliza: je, elimu iliyopatikana bila ya mwalimu ni elimu?

Twajibu kwamba ni elimu. Huko Malawi, mwaka 2002, William Kamkwamba aliyeacha shule kwa kukosa ada alisoma kitabu cha maktaba, akaunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na vyuma vilivyotupwa. Kinu kikazunguka na taa ikawaka nyumbani kwao. Nani awezaye kuikanusha taa inayowaka?

Lakini taa kuwaka mezani kwa fundi ni jambo moja, na kuwaka ziwani ni jambo jingine. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wa giza, wakiwavuta samaki kwa mwanga; na wengi wameacha karabai za mafuta ya taa wakachukua taa za betri. Kiungo kikiachia usiku wa manane, aliye majini ni mvuvi. Fundi yu kitandani mwake. Mvuvi hakuweza kuona ndani ya taa ile. Alichonunua hasa ni neno la fundi.

Basi mtu ana haki ya kujifundisha, ila hana haki ya kuwa shahidi wa nafsi yake. Michael Faraday alikuwa mwanafunzi wa kufunga vitabu mjini London, akajielimisha kwa kuvisoma vitabu alivyovifunga. Hakutosheka na hayo. Mwaka 1813 aliingia kazini chini ya Humphry Davy, na mwaka 1831, alipovumbua namna sumaku izaavyo umeme, aliwaeleza wataalamu wenziwe majaribio yake ili wayapime. Kwa kanuni hiyo maporomoko ya Gogo, huko Migori, hutoa umeme hata leo.

Yampasa kijana wetu ampe fundi mwingine kazi yake aitafutie kasoro. Aijaribu nchi kavu siku nyingi. Amwambie mnunuzi alichokijaribu na asichokijaribu. Na kikiharibika, aitike anapoitwa.

Nasi tuna wajibu wetu. Walimu wa sayansi na mafundi wenye vyeti wakimfungia mlango, atampelekea nani kazi yake aipime? Tusimlaumu mtu kwa kukosa shahidi, hali sisi ndio tuliokataa kushuhudia.