Uso Utakaoenda Nao Kaunta

Masharti ya picha ya viza ya Marekani ni mafupi, na ukiyasoma mara ya kwanza unaona ni mambo ya fundi tu. Picha iwe mraba, inchi mbili kwa mbili. Ukiituma kwa mtandao, iwe kati ya pikseli 600 na 1,200 kila upande, na faili isipite kilobaiti 240. Nyuma pawe peupe. Kichwa kijaze kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa picha. Macho yawe wazi, na miwani hairuhusiwi tangu Novemba 2016. Picha iwe imepigwa ndani ya miezi sita iliyopita. Halafu, katikati ya vipimo hivyo, kuna masharti mawili ambayo huwezi kuyapima kwa rula: uso usioonyesha hisia, na picha isiguswe na programu yoyote ya kubadilisha sura.

Ni hayo mawili yanayonisumbua. Mimi huandika na kulipwa kwa makala, na makala yakikauka huwapigia watu wa mtaa picha za pasipoti na viza kwa simu, hapo kwangu, kwa bei ya chini kuliko studio. Nimekaa nyuma ya kamera vya kutosha kujua kwamba kusema kweli kwa uso ni kugumu kuliko kusema kweli kwa mdomo. Mdomo unaweza kuuliza, “kweli ya nani?” Uso hauna nafasi ya kuuliza.

Kazi yenyewe haina siri. Tafuta ukuta mweupe. Kama landilodi alipaka rangi miaka ile na hajarudia, tundika shuka nyeupe iliyopigwa pasi, maana mikunjo huonekana. Mtu asimame hatua moja mbele ya ukuta ili kivuli chake kianguke sakafuni, kisimjie nyuma ya masikio. Mwanga utoke dirishani, mbele yake, saa nne asubuhi hivi. Balbu ya darini achana nayo, inachimba mashimo chini ya macho. Tumia kamera ya nyuma ya simu, usawa wa macho, kama mita moja na nusu kutoka usoni, kwa sababu ukimkaribia sana pua inavimba na masikio yanatoroka. Na uzime kile kitu cha kulainisha ngozi. Kuna simu ambazo huja kikiwa kimewashwa na mwenye simu hajui.

Kisha kuna suala la weusi wetu. Kamera hupima mwanga wa fremu nzima. Ikiona ukuta mweupe umejaa kila upande, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso mweusi ulio katikati unazama. Dawa ni kugusa uso kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo. Mpe mtu karatasi ya manila nyeupe aishike chini ya kifua, nje ya fremu, imrudishie mwanga kidevuni. Ngozi inajitokeza jinsi ilivyo, na mama wa watu anasema, “Kumbe simu yako ni nzuri.” Simu yenyewe ni ya kawaida, kioo kimepasuka pembeni.

Ninaeleza haya kwa sababu kila moja ni kuingilia picha. Mwanga niliuchagua mimi, umbali niliuchagua mimi, manila ni yangu. Nikifanya hivyo kabla ya kubofya, sheria inaniita mpigapicha. Nikifanya jambo lile lile dakika tano baadaye, nikaung'arisha uso kwenye programu, sheria inaniita mdanganyifu. Tofauti iko wapi? Ati ni dakika tano?

Rafiki yangu mmoja hana shida na swali hili. Yeye anasema mashine isiyokuona haina haki ya kudai ukweli wako. Hoja yake ina uzito. Mwaka wa 2016 mfumo wa pasipoti wa New Zealand ulikataa picha ya mwanaume mwenye asili ya Asia ukidai amefumba macho, na alikuwa ameyafumbua. Mwaka wa 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti wao kuhusu programu za kutambua jinsia kwa uso: kwa wanaume weupe, programu hizo zilikosea chini ya mara moja katika mia; kwa wanawake weusi, mojawapo ilikosea zaidi ya mara 34 katika mia. Mwaka wa 2020 BBC ilijaribu kikaguzi cha picha za pasipoti cha Uingereza kwa picha zaidi ya 1,000 za wanasiasa. Wanawake wenye ngozi nyeusi waliambiwa picha yao ni mbovu mara 22 katika 100. Wanaume wenye ngozi nyeupe, mara 9. Hao ni wanasiasa, watu wanaopigwa picha na mafundi. Sembuse mtu aliyesimama mbele ya shuka langu.

“Sasa,” rafiki yangu anasema, “ikikukataa kwa sababu ya rangi, ipe rangi inayoitaka. Utakuwa umemkosea nani?”

Jibu la haraka ni kwamba utajikosea mwenyewe, kwa sababu utakayebaki umesimama kaunta ukilinganishwa na mtu mweupe kuliko wewe ni wewe. Lakini hiyo ni hoja ya woga, na hoja ya woga hainitoshi. Mtu asiyeshikwa je?

Kuna mahali pengine pa kuanzia. Wazee wetu bado huita kitambulisho kipande. Kipande chenyewe kilianza kutumika hapa Kenya mwaka wa 1920, na sheria ya mkoloni ikamlazimu kila mwanaume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 kukibeba, mara nyingi ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ndani yake kulikuwa na jina, kabila, alama za vidole na kumbukumbu za kazi. Mzungu aliyemwajiri alikuwa anaandika humo. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Sasa mtu aliyemdanganya karani wa kipande kuhusu jina lake, je, alitenda dhambi? Mimi siwezi kumhukumu. Aliyeuliza swali hakuwa na haki ya kuliuliza, na jibu lilikuwa litumike kumfunga aliyejibu.

Rafiki yangu angependa niishie hapo. Lakini kipande na viza si kitu kimoja. Kipande kiliwekwa ili mtu asiende bila ruhusa, na viza, pamoja na ubaya wake wote na foleni zake, ni mimi nimeiomba. Nimeenda kwa mlango wa mtu nikabisha. Anayebisha akiulizwa “nani?” ana deni la kujibu, hata kama anayeuliza ana kiburi.

Basi deni hilo ni la nini hasa? Si la kuonekana vile nilivyo, maana hilo hakuna picha inayoliweza. Nilivyo lini? Jumapili nikitoka kunyolewa au Jumatatu nikitoka kukesha? Na hili la uso usio na hisia ndilo linachekesha zaidi. Sharti hilo lilikazwa miaka ya 2000 mashine zilipoanza kusoma nyuso. Uingereza ilikataza tabasamu kwenye picha za pasipoti mwaka wa 2004, kwa sababu ukicheka mdomo unapanuka na macho yanabana, na vipimo vinahama. Naelewa. Lakini kwetu uso usio na hisia una maana yake. Mwambie mtu wa pwani au wa bara asimame bila kuonyesha kitu usoni na utapata mtu aliyenuna, au aliyefiwa. Uso umeumbwa na haya, tunasema. Kazi yake ni kumpokea mwenzako. Nimewahi kumpigia picha shosho mmoja ambaye alitabasamu mara kumi na moja mfululizo. Kila nikimwambia asicheke alikuwa anaomba msamaha, na akiomba msamaha anatabasamu. Picha iliyokubalika ni ile niliyoipiga alipokuwa amenichoka. Ukimwonyesha mjukuu wake, atakwambia huyo si shosho.

Kwa hivyo kufanana si kipimo. Nina ushahidi wangu binafsi pia. Kwa droo nina kadi ya chuo kikuu nilichokiacha nikiwa mwaka wa tatu. Picha ni nzuri, uso ni wangu kabisa, lakini kadi inasema mimi ni mwanafunzi, jambo ambalo si kweli tena. Kitambulisho changu cha taifa nacho kina maelezo sahihi yote, ila picha imetoka nyeusi hivi kwamba usiku mmoja askari aliimulika kwa tochi, akanitazama, akaitazama tena, akaniuliza jina la chifu wangu. Nikiulizwa ipi kati ya hizo mbili inadanganya, ni ya kwanza. Nikiulizwa ipi iliniweka matatani, ni ya pili.

Ninavyoona, picha ya pasipoti ni ahadi. Inamwambia mtu nisiyemjua: nitakuja, na nikija utanijua. Ahadi hiyo inaenda mbali kuliko kaunta. Ajali ikitokea barabarani na mtu hawezi kujisemea, kitu cha kwanza kutafutwa mfukoni ni kitambulisho, na ni ile picha mbaya, ya kununa, itakayomsaidia muuguzi au ndugu kusema ni yeye. Ukiipima picha kwa ahadi hiyo, zile dakika tano zangu hazina maana yoyote. Manila inaruhusiwa kwa sababu inamwezesha mgeni kukuona. Kung'arisha uso hadi rangi nyingine kunakatazwa kwa sababu mgeni atamtafuta mtu asiyekuja. Na pale mashine inapokataa uso mweusi uliopigwa vizuri, aliyevunja mapatano ni mashine: wewe umeleta uso, yeye hakutazama. Hapo naongeza mwanga, narudia, na siombi msamaha kwa mtu.

Nilidhani nimemaliza fikra hii mpaka alipokuja mama mmoja wa ploti ya nyuma. Binti yake amejifungua huko Marekani na anataka mamake akamsaidie mtoto. Mama ana kovu, kutoka chini ya jicho la kushoto hadi karibu na mdomo. Mtaa mzima unajua lilitoka kwa mkono wa mume aliyemwacha zamani.

“Mwanangu,” aliniambia, “hii toa.”

Nikamweleza sharti. Nikamweleza na ile falsafa yangu ya ahadi, kwa maneno ya kawaida. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema, “Huyo mwanaume sitaki anifuate mpaka Marekani.”

Sikuwa na jibu la papo hapo, na sioni aibu kwa hilo. Kovu ni alama bora kabisa ya kumtambua mtu. Polisi mjini Paris, enzi za Alphonse Bertillon, walikuwa wanayaandika makovu kwenye kadi, moja baada ya jingine, kwa sababu hayaendi kokote. Lakini ni ajabu kumwambia mwanamke kwamba kitu kinachothibitisha yeye ni yeye ni kile alichofanyiwa na mtu mwingine. Kinyozi wangu ana kovu la kuanguka baiskeli, na akitaka nilifute nitacheka na kukataa. Hapa sikuwa na hamu ya kucheka.

“Mama, siwezi kulifuta,” nilimwambia. “Ukifika pale na kovu na kwenye picha hakuna, watakurudisha.”

“Na kama sitafika na kovu?”

Alifungua mkoba, akatoa krimu ya kufunika ngozi, ya rangi yake hasa, na poda. Akaniomba kioo. Alichukua kama dakika kumi, kwa mkono ambao ulionekana umeifanya kazi hiyo miaka mingi. Nikakumbuka kwamba kanisani sijawahi kuliona hilo kovu. Masharti hayakatazi vipodozi anavyojipaka mtu siku zote, mradi sura yake isifichike. Uso huo ni wake. Ndio anaoenda nao kanisani, harusini, benki. Nilimpiga picha, nikatumia manila, sikugusa kitu baadaye. Ukitazama kwa makini kovu lipo, kama mstari wa kivuli, lakini haliwi la kwanza kukusalimia.

Nilimwambia jambo moja tu: siku ya mahojiano na siku ya safari ajipake vivyo hivyo. Akahesabu saa za ndege, akahesabu na za kusubiri katikati. Akauliza jasho je, na usingizi je, na kama wanaruhusu krimu kwenye mkoba wa mkononi. Nikamwambia wanaruhusu, mradi chupa isizidi mililita 100. Akaigeuza ile chupa, akanipa nimsomee maandishi madogo ya chini. Ilikuwa mililita 30.