Mahindi ni ya Ofisi Gani?

Mtu akifa kwa kula ugali wake mwenyewe, tumuulize nani?

Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini hapa Kenya, na 125 wakafa. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui. Hawakula kitu cha ajabu. Walikula mahindi, mara nyingi ya shamba lao, yaliyowekwa ndani kabla hayajakauka vizuri. Unyevu ukaleta kuvu, kuvu ikaleta sumu, sumu ikaharibu maini.

Salama iko kwenye barabara ya Mombasa, na gunia la mahindi hupita mikononi mwa wengi: mkulima, dalali, mwenye lori, mwenye duka, mwenye mashine ya kusaga. Kila mmoja ana jibu safi. Mimi niliuza tu. Mimi nilibeba tu. Maofisini ni hivyo hivyo: daktari anasema shida ni ghala, afisa wa kilimo anasema wagonjwa ni wa hospitali. Wote wanasema kweli, na mtu bado anazikwa.

Ni kweli kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole kumi vikingojeana, chawa anaendelea kunywa damu. Naona tunakosea tukidhani wajibu ni kama ugali, ati wakigawana wengi kila mmoja anapata kidogo. Hapana. Kila mmoja anabaki na wake mzima.

MakueniCare ilipoanza mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini kadi ya matibabu haikaushi mahindi. Turubai hukausha. Na kuna Aflasafe, kuvu isiyo na sumu inayomwagwa shambani ili iisukume nje ile mbaya. Katiba ya 2010 iliipa kaunti huduma za afya na kilimo pia, kwa hivyo kisingizio cha “si idara yangu” kimebaki chembamba sana.

Kumwambia mama mwenye watoto wenye njaa “tupa hayo mahindi” ni rahisi. Mwaka 2004 serikali ilibidi ipeleke chakula kingine badala yake. Hapo ndipo ushauri unakuwa haki.

Kwa hivyo mkiniita kwenye mkutano wa wadau, nitakunywa chai, kisha nitauliza: mahindi yakioza msimu huu, nani kati yenu atasimama mbele ya huyo mama na gunia lingine?